Gari hulala, ila asubuhi kila mtu analitaka

Nimesoma makala kuhusu huduma za magari ya kushirikiana, yaani watu wengi hukodi gari lile lile kwa zamu. Mwandishi wake anasema kwa kuwa gari la mtu binafsi hukaa limeegeshwa karibu asilimia 95 ya muda wake, gari moja la kushirikiana linatosha watu wengi. Hesabu sawa, ila imesahau saa. Saa tisa usiku yote yamelala, kweli. Saa moja na nusu asubuhi kila mtu analitaka lile lile. Mimi sina gari, natumia huduma hizi wala sijutii, maana bima, matengenezo na thamani inayoshuka kila mwaka si mzigo wangu. Shida ni gari lisilo na mwenyewe. Unafungua mlango, taa ya mafuta inawaka, makombo ya biskuti yamejaa kitini, na aliyetangulia keshaenda zake. Paris waliyaona hayo kwa Autolib', magari ya umeme yaliyoanza 2011: unachukua hapa, unaacha kule. Yakachakaa, yakawa machafu, hasara ikapanda, na 2018 huduma ikafungwa. Uswisi nako, Mobility, ushirika ulioundwa 1997, bado upo, na kwa kawaida gari unaliagiza mapema kisha unalirudisha pale pale ulipolichukua. Nadhani siri iko kwenye huko kurudisha: anayelitaka kesho asubuhi anajua atalikuta wapi. Inakera ukiwa na safari ya kwenda tu, lakini afadhali hivyo. Wenye watoto wadogo, kiti cha mtoto mnakifanyaje, mnatembea nacho mkononi?