Ratiba ya Mama, Toleo la Saba

Nilijitakia mwenyewe. Tulikuwa sebuleni, televisheni inaonyesha Dubai usiku, maghorofa yanawaka kama umeme analipa mtu mwingine, na mimi bila kuombwa na yeyote nikafungua mdomo: "Mama, pale nitakupeleka." Mama hakujibu kitu. Aliendelea kuchambua mchele wake, nami nikaamini limepita. Kesho yake saa moja asubuhi mdogo wangu wa kike ananipigia. "Kaka, mnaondoka tarehe ngapi? Maana mama ameshatangaza hadi kwa fundi bomba."

Nikafungua jedwali kwenye kompyuta, nikaliita "Ratiba ya Mama", nikaweka na rangi: kijani kutembea, njano kupumzika, bluu dawa. Leo niko kwenye toleo la saba. Rangi zote zipo, ila hakuna mstari hata mmoja uliobaki pale nilipouweka.

Tuanze na mwezi. Likizo yangu ni Julai. Dubai ya Julai joto linapita nyuzi 40, na usiku likishuka linashuka kwa kununa; wenyewe hadi vituo vya mabasi wamevijengea vyumba vya kiyoyozi. Nilisoma jioni mbili nzima, nikalinganisha mwezi na mwezi, nikachora na grafu, ndipo nikamwendea mama kwa heshima zote kumweleza kwamba safari ya kule inafaa Novemba hadi Machi.

"Si kaskazi hiyo," akasema.

"Eeh?"

"Kaskazi. Majahazi ya Waarabu yalikuwa yanatoka kwao miezi hiyohiyo. Ulidhani walikuwa wanabahatisha?"

Jioni mbili na grafu, yeye kamaliza kwa neno moja. Basi nikaenda kuomba likizo ibadilishwe, na ya bosi wangu tuyaache, yana siku yake. Narudi kwa mama na ushindi mkononi, naambiwa Novemba ana harusi mbili, Desemba wajukuu wanakuja, na Januari ndiyo zamu yake ya kupokea upatu, na hakuna mtu mwenye akili timamu anayesafiri mwezi wake wa kupokea. Imebaki Februari. Naikagua Februari, nakuta Ramadhani inaingia humohumo.

Hapo nikafanya kosa la kumsimulia nililolisoma. Kwamba mwaka 2011 mufti mkuu wa Dubai alitoa maelekezo: wanaokaa lile jengo la Burj Khalifa juu ya ghorofa ya 80 wasubiri dakika mbili zaidi kabla ya kufuturu, na walio juu ya ghorofa ya 150 dakika tatu, kwa sababu kule waliko bado wanaliona jua wakati wa chini limeshazama.

Mama aliweka kikombe chini. "Na alfajiri je?"

"Alfajiri nayo wanaiona mapema."

"Kwa hiyo wamelipa hela nyingi ili wafunge zaidi yetu." Akatikisa kichwa kwa huruma ya kweli kabisa. "Tukiwa kule Ramadhani usinipandishe popote. Mimi nitafuturu chini na watu."

Sasa hilo jengo ndilo lilikuwa moyo wa ratiba. Meta 828, refu kuliko yote duniani tangu lizinduliwe Januari 2010. Tiketi ya ghorofa ya 124 na 125 ina bei yake, ya 148 ina bei ya kukufanya ukumbuke madeni, na ukitaka kuwa juu wakati jua linazama, jua nalo unalilipia. Nikapiga hesabu, nikaamua 124, asubuhi, wakati bei haijachangamka. Nikamwonyesha mama picha. Akaitazama, akaivuta karibu na pua, akairudisha.

"Ghorofa refu unaliangalia ukiwa chini. Ukishapanda, utaliona wapi?"

Wiki ya tatu hii natafuta jibu.

Na niseme ukweli, kilichokuwa kinaninyima usingizi hakikuwa kupanda, ni kufika. Mama ana goti. Goti lenyewe lina tabia ya kuuma tukiwa tunakwenda ninakotaka mimi, tukienda anakotaka yeye linapona. Kituo cha metro pale kinaitwa Burj Khalifa/Dubai Mall, unashuka ukijua umefika. Hujafika. Kuna njia ya vioo yenye kiyoyozi, meta 820, ndiyo ikuingize dukani. Rudia kusoma: jengo ni meta 828 kwenda juu, njia ni meta 820 kwenda mbele. Kwenda juu lifti inakufikisha 124 kwa dakika moja tu. Kwenda mbele ni wewe na goti lako, na baada ya hapo lipo duka lenyewe, ambalo lina maduka zaidi ya 1,200 ndani yake, na mama yangu hajawahi kupita dukani bila kuuliza bei.

Wameweka mikanda inayotembea, najua. Lakini mimi nilikuwepo siku mama alipokutana na ngazi za umeme kwenye jengo moja la maduka. Alisimama pale mwanzoni, mkoba kaukumbatia kifuani, mguu wa kulia kauinua, kandambili inaning'inia kwa kidole kimoja. Ngazi zinakuja, anahesabu: hii… hii… siyo hii. Nyuma yetu foleni imefika kwenye duka la viatu. Kijana mmoja akamwambia, "Mama, kanyaga tu." Mama akageuka taratibu, mguu bado uko juu, akamwambia, "Baba, pita wewe unayechelewa." Tulipanda ngazi za kawaida, ghorofa tatu. Goti halikuuma.

Halafu treni yenyewe. Treni ya Dubai haina dereva. Tangu ianze Septemba 2009 inajiendesha yenyewe, na hilo sijamwambia mama na wewe unayesoma usimwambie. Nilichomwambia ni kwamba kuna sehemu ya wanawake na watoto, na mwanamume akiingia humo faini ni dirhamu 100. Dirhamu imefungwa kwenye dola, 3.67 kwa dola moja, kwa hiyo hata ukisubiri vipi haishuki bei: ni dola 27 kwa kosa la kukaa karibu na mama yako mzazi. Kula na kunywa humo ndani, faini ileile. Mkoba wa mama una karanga tangu sijazaliwa.

Nikamwambia, "Mama, utakaa kule na wanawake, mimi huku. Uhesabu vituo."

"Nihesabu ya nini? Mpaka kituo cha pili tutakuwa tumeshajuana, watanishusha wao."

Hicho ndicho ninachokiogopa. Watamshusha kwao.

Lakini adui wa ratiba yangu siyo goti wala faini. Ni mwanamke mmoja aliye na mama kwenye upatu, anayeuza madira na mapazia, ambaye amekwenda Dubai mara nne kufuata mzigo. Mimi namwita Mtaalamu. Mara zote nne Mtaalamu alifikia Deira, mtaa wa masoko wa hukohuko Dubai, akanunua Deira, akala Deira, akapeleka mzigo kwa watu wa kago waupime kilo, akarudi. Burj Khalifa aliiona kwa dirisha la teksi akielekea uwanja wa ndege na akaulizia kama ni mnara wa simu. Huyu ndiye mshauri wa mama yangu.

Nikisema tutalala hoteli ya karibu na chemchemi zinazocheza muziki, mama anasema, "Mwenzangu ameniambia Deira ndiyo penyewe." Nikisema tutapanda boti ya watalii yenye chakula, mama anasema, "Kuna kile kimashua cha dirhamu moja." Na kipo! Kinaitwa abra, kinavusha watu ile hori ya maji kutoka Deira kwenda Bur Dubai, dirhamu moja tu, unakaa kwenye benchi na wabeba mizigo, upepo unakupiga. Ukishuka upande wa Deira, soko la viungo liko palepale, na la dhahabu halipo mbali. Upande wa pili kuna mtaa wa zamani wa Al Fahidi, nyumba zenye minara ya kukinga upepo na kuushusha vyumbani, kiyoyozi cha kabla ya umeme, na ngome ya mwaka 1787. Nilikuwa nimeviweka vyote hivyo siku ya mwisho, mkabala na maneno "tukipata nafasi". Kwenye toleo la nne vilipanda siku ya kwanza. Kwenye toleo la tano vikachukua siku tatu. Lile jengo la meta 828 sasa liko kwenye "tukipata nafasi".

Jangwa nalo nimelipigania. Mtu huendi jiji la jangwani ukarudi hujakanyaga mchanga. Kuna magari yanakwenda kupanda vilima vya mchanga, dereva anapunguza kwanza upepo kwenye matairi ili yasizame, kisha anakurusha huku na huku mpaka umkumbuke kila uliyemkosea. Wenyewe wanatahadharisha wajawazito na wenye maumivu ya mgongo wasipande. Nikamsomea mama onyo lile polepole, nikitarajia akatae ili nitafute ya ngamia. Akasema yeye hana mimba na mgongo ni wangu.

Ni kweli, mgongo ni wangu.

Tukafika kwenye kisiwa cha Palm Jumeirah, kile chenye umbo la mtende. Nikajitia mwalimu, nikamweleza kwamba mchanga wa kukijengea ulinyonywa kutoka chini ya bahari.

"Watu wako jangwani, wanakwenda kuchota mchanga baharini?"

"Wa jangwani haufai, mama. Upepo umeuzungusha sana, punje zimekuwa laini na mviringo, hazishikamani."

"Hata watu wapo hivyo," akasema, na akaniangalia muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Juzi tukafika kwenye dawa. Wale jamaa hawana mchezo na dawa: nyingine za maumivu, zile zenye kodeini au tramadoli, huingii nazo bila kibali, na zote zinatakiwa ziwe kwenye pakiti zake na cheti cha daktari. Nikamwomba mama aniletee dawa zake nizikague. Akaja na kopo la maziwa ya unga. Ndani: za presha, zimefungwa karatasi ya daftari la mjukuu, upande mmoja pana hesabu za kutoa zenye makosa. Za goti, kwenye mfuko wa sukari. Vidonge vitano vya rangi mbili visivyo na jina.

"Hivi ni vya nini?"

"Alinipa jirani."

"Vya nini, mama?"

"Vinasaidia."

Nikajiona nimesimama mbele ya ofisa forodha aliyepiga pasi kanzu hadi inakata, namwambia vinasaidia. Vile vitano nimeviondoa. Asubuhi nimekuta kwenye kopo vimo sita.

Mgogoro mkubwa kuliko yote ulikuwa kiti. Uwanja wa ndege wa kule si wa kuingia mlango huu ukatokea ule, kwa hiyo wakati wa kuulizia tiketi nikaulizia na kiti cha magurudumu cha kumsukuma mama hadi kwenye ndege. Mama akanuna. Siku tatu tunasalimiana kwa kupitia mdogo wangu. Ujumbe ukanifikia kwamba inasemekana nimemtangazia watu ni mgonjwa, kwamba aliyenibeba mgongoni leo hawezi kubeba miguu yake mwenyewe, na kwamba kama ni hivyo niende na kompyuta yangu tukapigwe picha wawili. Nikaenda kuomba radhi, nikafuta kiti. Hilo ndilo toleo la sita.

Jana saa tano usiku simu inaita. Mama. Saa tano usiku mama hapigi simu ila kuna msiba, nikaamka nimekaa, moyo unadunda.

"Kile kiti umeshakifuta?"

"Nimefuta mama, samahani sana, nilisema…"

"Kirudishe. Mwenzangu ameniambia wenye viti wanapitishwa mbele, hawapangi foleni."

"Sawa mama. Nakirudisha."

Kimya. Nasikia karatasi zinafunuliwa. Baadaye nikaja kujua ni orodha: madira kumi na nne, mapazia ya watu watatu, seti mbili za masufuria, na saa ya ukutani inayoadhini ya fundi bomba.

"Baba."

"Naam, mama."

"Hicho kiti, chini yake kina pa kuwekea mzigo?"