Sahani 38 za Saudi Arabia

Mimi nina ugonjwa. Nikiona watu wawili wanashindana, macho yangu yanamtafuta kwanza yule atakayepigwa, na nikishampata, basi, ni wangu. Hapa Dar mtoto anazaliwa akiwa Simba au Yanga kabla hata hajapewa jina. Mimi utotoni nikajichagulia Toto Africans ya Mwanza, wakati Mwanza kwenyewe nilikuwa sijawahi kufika, kwa sababu tu niliona timu iliyokubali kuitwa Toto haiwezi kukosa mtu wa kuihurumia. Kwenye siasa ndiyo usiseme. Nilimfuatilia Hakainde Hichilema wa Zambia kama ndugu wa damu. Kagombea urais mara tano, kashindwa mara tano, na kila akishindwa mimi huku Buguruni nanunua soda ya kujipoza. Mwaka 2021 akashinda. Nilifurahi siku mbili, ya tatu nikajikuta sina habari naye tena. Kashaingia Ikulu, ana shida gani na mimi?

Mke wangu anasema ni makosa ya sungura. Eti tumelelewa na hadithi ambazo kila jioni sungura anamzidi akili simba, anamzidi tembo, anamwachia fisi mfupa, mpaka mtu anakua akiamini kuwa mdogo lazima ashinde, wakati porini sungura analiwa tu kama kawaida. Mimi nilikuwa na sababu yangu ambayo sikumwambia mtu. Kumshabikia mnyonge ni bure. Akifungwa hakuna wa kukucheka, kwani nani alitegemea? Akishinda unaonekana nabii. Wenye timu kubwa ndio wanaolala na presha.

Na wanasiasa wanaijua hii biashara kuliko mimi. Mwaka 2022 jirani zetu Wakenya walimchagua William Ruto, aliyejiita hasla, yaani mhangaikaji wa riziki, alama ya chama chake wilibaro. Nilimshangilia sana, mpaka kinyozi wa mtaani kwetu akaniuliza, "Shemeji, huyo mnyonge wako si ndiye naibu rais tangu 2013?" Ananiita shemeji kwa kuwa katoka wilaya moja na mke wangu. Nilimjibu kwamba wilibaro ni wilibaro.

Sasa njoo Jumanne ya tarehe 22 Novemba 2022.

Asubuhi mke wangu alinikabidhi noti kumi za msimbazi, shilingi 100,000, marejesho ya mkopo wake wa kikoba, kile kikundi chao cha kuweka na kukopeshana. Mweka hazina wa kikoba chao ni Mama, yule mwenye mgahawa karibu na gereji, ambaye sote tunamwita Mama hata waliomzidi umri. Maagizo yalikuwa mafupi. "Mpe mkononi. Aandike kwenye daftari. Usikae."

Nikafika saa saba kasoro. Ndani kumejaa, tivii ya inchi 32 imefungwa kwa waya juu ya friji, na Argentina na Saudi Arabia wanaingia uwanjani kule Lusail, Qatar, kwenye Kombe la Dunia. Mama yuko jikoni na moshi wake. Nikajisemea, nikimpa hela sasa hivi na mikono yake ina mafuta, noti zitachafuka. Wacha nikae kidogo.

Argentina walikuwa wamecheza mechi 36 bila kupoteza. Kinyozi alivaa jezi ya Messi, ile ya mtumba ambayo namba kumi imebanduka imebaki sifuri. Dakika ya kumi Messi akafunga penalti, mgahawa ukapiga kelele mpaka kuku wa jirani wakaruka. Halafu Argentina wakaingiza mengine matatu, yote yakakataliwa kwa kuotea. Moja, mbili, tatu. Kila likikataliwa mimi peke yangu nasimama napiga makofi, na kila nikisimama wananitazama kama mtu aliyevaa kaptura msibani.

Mapumziko, bao moja bila. Kinyozi akageuza kiti kunielekea.

"Shemeji, hao wangebaki tu kwao wakahesabu mafuta. Bila kuotea zingekuwa nne."

"Yule kocha wao unamjua?" nikamwambia. "Yule wa shati jeupe? Hervé Renard. Ndiye aliyewapa Zambia Kombe la Afrika 2012, wakawatoa Ivory Coast ya Drogba kwa penalti. Nani aliwapa Zambia nafasi?"

"Zambia na Saudi wapi na wapi?"

Watu wakacheka. Kicheko chenyewe kilikuwa kile cha kukuhurumia, na hicho ndicho kinachoniua. Nikasimama. Sijui nini kilinipandisha, labda noti kumi mfukoni. Mtu mwenye laki hata kusimama kwake kuna sauti.

"Saudi wakishinda mechi hii," nikasema, "kila aliyemo humu anakula kwa hela yangu!"

Kimya. Kisha Mama akachungulia kutoka jikoni, upawa mkononi.

"Mmesikia wote?"

"Tumesikiaaa!"

"Na kinywaji?"

"Maji ya jagi," nikasema. Nashukuru Mungu akili hiyo ndogo ilikuwa bado imebaki.

Nikahesabu vichwa kwa tahadhari: kumi na saba. Wali nyama kwa Mama ni 2,500. Si neno, maana Saudi hawashindi. Hapo ndipo nilipokuwa sijajielewa. Miaka yote ile nilikuwa nawashangilia wanyonge, lakini mwenyewe sikuwahi kuamini hata siku moja kwamba watashinda.

Kipindi cha pili hakijachangamka, dakika ya 48, Saleh Al-Shehri akaambaa kushoto, akaachia shuti la chinichini, likapita hadi kona ya mbali. Nikaruka. Niliruka kwa moyo safi kabisa, kama zamani, nikamkumbatia fundi gereji na grisi zake zote.

Dakika tano baadaye Salem Al-Dawsari akaupata mpira pembeni ya boksi. Akawageuza, akawageuza tena, akaukunja juu kona ya mbali, Emiliano Martínez akaugusa kwa ncha za vidole tu. Nikafungua mdomo. "Gooo—" na hapo hapo nikakumbuka. Sauti ikakatika katikati kama redio iliyoishiwa betri. Al-Dawsari anapiga sarakasi hewani kule Lusail, mimi huku nimeshika mfuko wa suruali.

Nilipogeuka, mgahawa mzima ulikuwa unanitazama kwa mapenzi.

Sijawahi kuona timu ikipata mashabiki haraka namna ile. Kinyozi akavua jezi ya Messi, akaigeuza nje ndani, akaivaa tena. Fundi cherehani, ambaye kipindi cha kwanza aliuliza kama Saudi wanaruhusiwa kucheza, sasa anamwita kipa Al-Owais "mdogo wangu". Kila Saudi wakiokoa, makofi. Kila Argentina wakipata kona, dua. Mzee mmoja akanyoosha mikono kabisa, akaomba kwa Kiarabu, na nilipotega sikio nikasikia mwishoni anaongeza kwa Kiswahili, "na nyama iwe ya kutosha."

Na mimi? Mimi, rafiki wa wanyonge tangu Toto Africans, nilikuwa nimeinamisha kichwa mezani nanong'ona, "Messi, baba, fanya kitu. Una watoto, unajua shida." Messi akapiga faulo, ikapaa. Messi akapiga kichwa, Al-Owais akaudaka kama anapokea mtoto. Mgahawa ukalipuka. Mimi nikasaga meno, na kinyozi akanipiga mgongoni: "Shemeji, mbona hushangilii timu yako?"

Kibaya zaidi, habari inatembea. Dakika ya 70 wakaingia bodaboda watatu. Dakika ya 80 gereji nzima. Mlangoni akasimama bibi muuza karanga, kapakata sinia lake, anauliza kwa upole, "Ndiyo hapa wanapogawa chakula cha Warabu?"

Nikapinga. Nikasema ahadi yangu ilikuwa ya wale kumi na saba waliokuwepo mapumziko. Kinyozi akasimama kama wakili.

"Hapana, shemeji. Hukusema 'aliyekuwemo'. Ulisema 'aliyemo'. Na huyu," akamwonyesha bibi, "yumo."

"Amesimama mlangoni!"

"Mguu mmoja umo."

Bibi akauingiza na wa pili.

Nikajaribu kutafuta mtetezi. Nikamtazama fundi gereji niliyemkumbatia dakika ya 48. Akajifanya anasoma maandishi kwenye jagi.

Dakika ya tisini mpira ukaenda kuingia kabisa, kipa hayupo, nikainuka nusu na matumaini yangu, beki wa Saudi akautoa kwa kichwa palepale mstarini. Zikaongezwa dakika nane. Nikaona Mungu kanipa nafasi. Halafu beki mwingine wa Saudi akagongana na kipa wake mwenyewe, akaumia vibaya, mchezo ukasimama, dakika nane zikaisha na mpira bado upo. Hata mimi na shida zangu nilimwonea huruma yule kijana wakati anatolewa kwa machela. Lakini nakiri pia nilipiga hesabu kwamba wamepungukiwa.

Filimbi. Mbili moja.

Sijui kule Riyadh walishangilia vipi. Najua Mfalme Salman alitangaza kesho yake iwe mapumziko nchi nzima. Ila sidhani kama waliwafikia watu wa gereji yetu. Walinibeba. Kweli walinibeba juu, wakanizungusha, kichwa kikagonga feni, wakaniimbia jina langu. Maisha yangu yote nilikuwa nasubiri siku ambayo nitakuwa nimesema kweli mbele ya watu, na ilipofika nikaitumia kuhesabu vichwa kutokea juu.

Walipanga foleni wenyewe, bila kusukumana, mwendokasi wajifunze. Mama anapakua, msaidizi wake anachora mstari ukutani kwa mkaa kila sahani inapotoka. Ilipofika zamu ya bibi, akapokea yake, akanyoosha mkono tena.

"Na ya mjukuu wangu. Naye ni wa Saudi."

"Yuko wapi?"

"Nyumbani. Ana homa."

Utamnyima nani mtoto mwenye homa? Mstari mwingine ukachorwa. Kinyozi alirudi mara ya pili kwa kisingizio kwamba jezi ikigeuzwa anakuwa mtu mwingine, huyo nikamkatalia. Mwisho wa yote mistari ilikuwa 38. Mara 2,500: shilingi 95,000.

Nilijaribu kumwambia Mama kwamba ulikuwa utani tu wa mpira. Watu waliokuwa wanatafuna wakaacha kutafuna. Kutoka nyuma sauti ikasema, "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni!" na wote wakaitikia, midomo imejaa wali.

Nikatoa zile noti kumi. Mama akafuta mikono kwenye kanga, akazihesabu moja moja, akazinyoosha dhidi ya mwanga, akanirudishia 5,000. Nikageuka kuondoka.

"Baba, ngoja," akaniita. Akavuta daftari la mke wangu la kikoba kutoka chini ya ndoo ya mchele, akalamba kidole, akafungua ukurasa. Akachukua kalamu. Akanitazama.

"Na marejesho je?"

Nikamwonyesha kwa kidole mfuko wa aproni yake, zilikoingia. "Si hizo?"

"Hizi ni za wali."

"Mama, lakini ndizo zilezile!"

"Naona ni zilezile. Lakini zimekuja kwa njia ya wali."

Nilikaa pale nikitafuta kosa kwenye maneno yake mpaka sasa sijalipata. Nikampa ile 5,000. Akaandika: 5,000. Akanikabidhi daftari.

Nyumbani mke wangu alilisoma akiwa amesimama. Akaniuliza nani kashinda. Nikasema Saudi. Akauliza Saudi ana mkopo kikoba gani. Sikuwa na jibu, na usiku huo nililala sebuleni, ambako angalau nilipata muda wa kutosha wa kuwaza kwamba Argentina na utajiri wao wote wa vipaji hawajapoteza kitu kama mimi. Na kweli, wiki chache baadaye wakabeba kombe lenyewe. Saudi wakafungwa na Poland, wakafungwa na Mexico, wakarudi kwao. Kama wangeanza na hizo mbili, mimi ningekuwa mtu mwenye heshima zangu.

Jumamosi kikoba kikakutana chini ya mwembe na nikaitwa kujieleza. Wanawake ishirini na kitu, kila mmoja na daftari lake, mke wangu kakaa mbali nami kwa makusudi. Nikaeleza. Nikaanza na Toto Africans, nikapitia Zambia, nikafika kwa Al-Dawsari. Nilipofika kwenye "aliyemo" na "aliyekuwemo" mwenyekiti alikuwa ameshapiga faini. Nikazungusha macho kutafuta sura moja ya huruma. Watu wote hawa, nikawaza, mtu yuko peke yake dhidi ya ishirini, hamna hata mmoja wa kumshangilia?

Nyuma kabisa bibi muuza karanga akainua mkono.

"Mwacheni kijana wa watu. Mnyonge huyo, hana mtu."

Machozi yakanilenga. Mama hakuinua hata kichwa kutoka kwenye daftari lake la fedha.

"Bibi, wewe siku ile ulikula sahani ngapi?"

"Mbili."

"Si moja ilikuwa ya mjukuu?"

"Mjukuu yupi?"