Ndoo Yangu Kaibeba Nani?

"Tuombeeni wapendwa, huku maji ni ya shida." Ujumbe huo niliutuma mimi kwenye grupu la kanisa, usiku wetu wa kwanza Malawi, nikiwa nimeshaoga. Nilioga ndoo nzima ya maji moto kwenye bafu la matete, nikajipaka mafuta, nikaingia chini ya chandarua kuwaandikia watu wa Dar kwamba tunateseka kwa ajili ya Injili. Amina zilianza kumiminika hata tochi sijazima.

Tulikuwa watu tisa. Basi hadi Mbeya, gari dogo kupitia Tukuyu hadi Kasumulu, kisha daraja la Mto Songwe kwa miguu, mabegi kichwani. Ng'ambo, saa za simu zilirudi nyuma saa moja. Zaidi ya hapo sikuona la ajabu. Mwenzetu mmoja wa Kyela alianza kupiga soga na Wangonde wa Karonga kama yuko kwa shangazi yake, maana Kingonde na Kinyakyusa ni ndugu wa tumbo moja. Ndiyo hiyo "nje ya nchi" tuliyoichangishia miezi minne, pamoja na fulana za sare.

Tulifikia kwa mzee mmoja wa kanisa, kijijini, mbali na lami. Umeme hakuna, choo cha shimo nyuma ya migomba, chakula ni kondowole, ugali wa muhogo unaovutika kama mpira, kwa usipa, yaani dagaa wa ziwani. (Sisi tunaliita Ziwa Nyasa, wao Ziwa Malawi. Ugomvi huo tuliuacha mpakani.) Siku ya pili vijana wetu walikuwa wamekipiga picha choo cha watu kutoka kila upande, na chini yake wameandika maneno ya kusikitisha.

Mimi ni mtu wa Kongwa. Kwa bibi yangu tulichimba maji kwenye mchanga wa korongo kwa kata, tukingoja yachuje. Choo chetu hakikuwa na mlango, kilikuwa na gunia. Ni lini basi maisha ya bibi yangu yaligeuka kuwa "mazingira magumu ya utumishi"? Nadhani ni nilipohamia kwenye nyumba yenye bomba ndani, ingawa bomba la Dar nalo tunalijua, likiamua kukohoa linakohoa wiki nzima.

Usiku wa tatu tumbo lilinitoa nje kama saa kumi alfajiri. Nikasikia chuma kinalia: kwii, kwii, kwii. Nikamulika kwenye pampu ya mkono. Mama mwenyeji alikuwa ananing'inia kwenye mpini kwa uzito wake wote, binti yake anashikilia dumu lisipinduke. Madumu mengine yalikuwa kwenye foleni, la kwetu la bluu lenye jina la kanisa likiwa la mbele kabisa. Yule binti alikuwa na sare ya shule tayari, kaikunja juu ya magoti isilowe.

Nilirudi kitandani nikapiga hesabu. Watu tisa, ndoo ya lita 20 asubuhi na jioni, ni madumu 18 kwa siku. Hapo sijagusa ya kupikia wala ya kuoshea vyombo. Kumbe shida ya maji niliyoiombea maombi ilikuwa ni sisi wenyewe.

Waskoti wa misheni ya Livingstonia walifika Cape Maclear, kusini mwa ziwa hilihili, mwaka 1875. Homa iliwaua kadhaa na makaburi yao yapo hadi leo. Wakahamia Bandawe mwaka 1881, kisha mwaka 1894 wakapanda nyanda za juu za Khondowe kuikimbia malaria. Dk. Robert Laws, kiongozi wao, aliondoka nchini humo mwaka 1927, baada ya miaka 52. Nao walibebewa mizigo na wenyeji, siwafanyi malaika. Ila mtu wa miaka 52 anapata muda wa kulijua jina la aliyembebea. Sisi tulikuwa na siku kumi, na mbili zilikwisha tukitafuta petroli ya jenereta la spika.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Paulo naye anawakumbusha Wathesalonike kwamba alifanya kazi usiku na mchana asimlemee mtu yeyote kati yao. Sijawahi kusikia andiko hilo kwenye semina ya kuwaandaa watu wa misheni. Tunafundishwa nyimbo, ushuhuda na namna ya kupanga viti. Ningekuwa na sauti kwenye kamati, ningepeleka watu watatu badala ya tisa, wakae miezi mitatu, na wiki ya kwanza spika zibaki stoo.

Lakini jembe lenyewe si rahisi kupewa. Asubuhi ile nilikwenda pampuni nikashika mpini, mama akaushika pia. "Hapana, mtumishi," akasema kwa Kiswahili cha mpakani, "watu watasema nini?" Mwanaume, tena mgeni, tena wa neno la Mungu, achote maji mbele ya majirani? Nilidhani namsaidia, kumbe namvua nguo. Tuliushikilia mpini ule wote wawili, hakuna anayepampu, mpaka mzee alipotoka na baiskeli. Kwao dumu la kichwani ni la mwanamke, la baiskeli halimwaibishi mwanaume. Akanifungia mawili kwenye keria kwa mpira wa tairi, akanisukuma mgongoni.

Nilifika kama hatua kumi. Baiskeli ikalala upande, dumu moja likafunguka, na watoto waliokuwa wakienda shule wakapiga kelele neno moja kwa pamoja. Mwenzetu wa Kyela alicheka mpaka akakaa chini kwenye tope. Nimemwuliza mara nyingi maana ya neno lile, na hadi leo hajanitafsiria.