Kunguru wa Kulazimishwa

Mimi mpira siujui. Na Mungu, mwenye utani wake, akanipa nyumba Kamalondo, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, hatua chache kutoka uwanja wa timu ya TP Mazembe. Uwanja unameza watu 18,000 na ushei. Siku ya fainali, Lubumbashi yote iliyokosa tikiti inakuja kusimama kwenye dirisha langu.

Mnaikumbuka Jumapili ile ya fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika, tarehe 8 Novemba 2015? Kule Algiers tulikuwa tumeshinda 2-1 (nasema "tuli" kwa usalama wangu), sasa USM Alger wako kwetu kurudiana. Mama watoto hana habari na fainali. Sufuria iko kwenye mbabula, jiko letu la makaa, maji yanatokota, unga hakuna. "Papa, kimbia ulete meka mbili," yaani vipimo viwili vya unga.

Nikapiga hesabu. Samatta, yule Mtanzania wetu, ameshafunga penalti dakika ya 75, watu wote wako kwenye televisheni, barabara tupu. Nitaenda na kurudi kabla ya filimbi. Hesabu hiyo, ndugu zangu, ilimsahau Assalé, mfungaji mwingine wa Mazembe.

Muuza unga alikuwa na redio begani na meka mkononi, imejaa pomoni. Mimi nimeinama, nimefungua mfuko. Dakika za nyongeza. Bao la pili! Jamaa akarusha mikono yote miwili juu, na meka imo humo humo. Unga wote kichwani mwangu. Na pesa alikuwa ameshapokea.

Nafumbua macho, barabara imejaa. Pikipiki zimebeba watu wanne wanne, mama mmoja anapiga mfuniko wa sufuria mpaka umepinda. Nikajibanza ukutani nipite. Kijana mmoja akanikazia macho: mtu mweusi, kapakwa nyeupe toka utosini. Rangi za Mazembe, timu inayoitwa Kunguru!

"Jamani, oneni papa alivyojipamba!"

Wakaninyanyua. Nikilia "nishusheni," wanaitikia "Mazembe!" Mzee mmoja chini ananihesabia makombe kwa vidole, 1967, 1968, 2009, 2010 na hili la leo, kana kwamba mimi ndiye niliyekuwa nayadai.

Wakanishusha, ila katikati ya duara. "Papa, fanya Kidiaba!" Yaani nikae chini, niruke kwa makalio kama kipa wao wa siku hizo alivyokuwa akishangilia. Kidiaba alikuwa akirukia nyasi. Mimi nilipewa matope ya Novemba. Nikasema kiuno kibovu, wakaanza kuhesabu. Nikaruka moja. Ya pili, suruali ikaachia mshono. Ya tatu nikasikia vigelegele, na niseme ukweli, ya nne na ya tano hakuna aliyeniomba.

Nimefika nyumbani saa tatu usiku. Maji yamekauka, sufuria imeungua, watoto wamekula bukari, ugali wetu, kwa jirani. Mama watoto akanimulika kwa simu, unga juu, matope chini.

"Unga uko wapi?"

Nikainamisha kichwa. Akakung'uta kidogo kwa kidole, akautazama.

"Huu haufiki hata nusu meka."