Bahari Tuliipata, Boti Hatukuipata

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuisoma ramani nikaielewa. Mji Mkongwe wa Unguja umekaa juu ya rasi yenye umbo la pembetatu. Pande mbili ni bahari. Upande wa tatu ni Barabara ya Benjamin Mkapa, ambayo zamani ilikuwa mkono wa bahari, ukafukiwa. Ndiyo maana soko la pale linaitwa Darajani na daraja hulioni, na mitaa ya upande wa pili inaitwa Ng'ambo na huvuki maji yoyote. Basi tukiwa bado botini nikamweleza mama mkwe kwamba mji wa namna hiyo haupotezi mtu. Ukichanganyikiwa, nyoosha tu: ama utaikuta bahari, ama utaikuta barabara.

Mama mkwe ametoka Makete, na bahari alikuwa ameiona kwa mara ya kwanza asubuhi ile ile. Alinitazama kwa jicho analomtazamia fundi cherehani anayesema "njoo kesho".

"Haya, Baba Neema," akasema. "Wewe ndiye mwenyeji."

Mwenyeji! Unguja nilikuwa nimefika mara moja tu, harusini, na sehemu kubwa ya harusi nililala.

Tulishuka bandarini Malindi saa 3 asubuhi. Boti ya kurudi Dar es Salaam ilikuwa saa 10 jioni, na lango linafungwa nusu saa kabla. Hilo liliandikwa kwenye tiketi kwa herufi za ukubwa wa sisimizi. Mpango wangu ulikuwa kuanza na kobe wa kisiwa cha Changuu, kisha kanisa la Mkunazini palipokuwa soko la watumwa, kisha kurudi bandarini mapema tukinunua karafuu na iliki njiani. Beit al-Ajaib nililiondoa kwenye ratiba shingo upande. Jumba lile la Sultani Barghash, la mwaka 1883, liliporomoka sehemu yake Desemba 2020, na siku ile lilikuwa bado mikononi mwa mafundi. Iliniuma, kwa sababu nilikuwa nimekariri habari za lifti yake.

Mashua za Changuu zinapatikana Mizingani, ufukweni karibu na Mti Mkubwa. Kwenye bei sikukosea: unapatana bei ya chombo kizima, si ya kichwa, kwenda na kurudi pamoja na saa za kungoja, na nusu ya pesa inabaki mfukoni mwako mpaka urudishwe. Nilichosahau ni mwezi. Usiku wa kuamkia siku ile ulikuwa mpevu. Mtu wa pwani akiona mwezi mpevu au mwandamo anajua hiyo ni bamvua: maji yanajaa mno na kupwa mno, tofauti inafika karibu mita 4, na kwa Unguja siku hizo hupwa kabisa kwenye saa 4 au saa 5 asubuhi. Kila siku inayofuata yanachelewa kama dakika 50. Ukisubiri wiki moja unakuta maji mafu, hayaendi mbali wala hayarudi mbali, na asubuhi unapanda chombo bila kulowesha goti.

Sisi tulifika saa 4 na robo. Mashua ilikuwa inaelea kule, na kati yetu na mashua kulikuwa na mchanga, kisha mchanga wa majimaji, kisha maji yenyewe.

Mama mkwe hakuuliza kitu. Alivua viatu, akakaza kitenge, akaweka pochi kichwani, akaingia majini kama anavuka mto wa kwao. Mimi nilikuwa nimevaa viatu vya ngozi kwa heshima yake, ikabidi nivibebe mkono mmoja, mkono mwingine nikishikilia suruali. Nilikwenda vizuri hatua kumi. Ya kumi na moja nikaikanyaga kamba ya nanga ya chombo cha mtu mwingine, iliyokuwa imejilaza chini ya maji, nayo ikajikaza wakati huo huo. Nikakaa. Maji yalinifika kifuani.

"Pole, sheikh," akasema nahodha, kisha akageukia baharini mabega yakimtikisika.

Simu ilikuwa mfuko wa nyuma wa suruali. Ndani yake mlikuwa na ramani, saa, na namba ya nahodha. Simu ya mtu mwenye akili hufungwa ndani ya mfuko wa plastiki, ukatiwa ndani ya mfuko mwingine, ukawekwa kichwani kwa mama mkwe.

Changuu yenyewe ilinisamehe. Jengo la pale lilijengwa mwaka 1893 liwe jela, na halikupata kufunga mfungwa hata mmoja. Likaishia kuwa karantini ya homa ya manjano. Kobe wakubwa walitoka Shelisheli mwaka 1919, na umri wa kila mmoja umeandikwa kwa rangi mgongoni. Unawalisha mchicha, unawakuna shingo, huwakalii. Mama mkwe alipofika mbele ya mmoja aliyeandikwa miaka zaidi ya 150, aliinama kidogo akasema, "Shikamoo." Kobe akanyoosha shingo polepole, akafungua mdomo.

"Ameitikia," akasema mama mkwe, na kwa saa nzima hakutaka kuondoka pale.

Saa 7 na nusu tulikuwa Mkunazini. Soko la watumwa la pale lilifungwa mwaka 1873, na mwaka ule ule ujenzi wa kanisa ukaanza juu ya kiwanja kile. Ukishuka vile vyumba viwili vya chini, panaposemwa walifungiwa watumwa, inama tangu mlangoni na uendelee kuinama. Dari ni ya chini na mawe yake hayana huruma. Mama mkwe alishuka, akakaa kimya, akapanda, hakusema neno mpaka tulipoingia kanisani na kuoneshwa zile nguzo zilizosimamishwa miguu juu kichwa chini. Askofu Edward Steere, yule mtaalamu wa Kiswahili, alikuwa safarini; aliporudi akakuta mafundi wamekwisha zisimika, akaziacha.

"Basi mwenye kazi akiondoka ndivyo inavyokuwa," akasema mama mkwe, akinitazama mimi.

Tulitoka saa 8 na nusu. Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo mtu mwenye akili angefika bandarini na muda wa kunywa soda. Kutoka kanisani unachomoka upande wa barabara kubwa, unakata kushoto, unapita Darajani sokoni, unaendelea kunyooka mpaka Malindi. Dakika 15, ukitembea na mzee 20. Mimi nikasema barabara ile ina jua na msongamano. Tukate vichochoroni, ndani kuna kivuli, na rasi haimpotezi mtu.

Vichochoro vya Mji Mkongwe havikuchorwa na mtu. Nyumba zilianza, kila mmoja akajenga alipopata kiwanja, na nafasi iliyobaki baina ya kuta ndiyo ikawa njia. Kwa hiyo hakuna kunyooka. Unakwenda hatua ishirini, ukuta unakuzuia. Unachagua kushoto au kulia. Hatua ishirini tena, unachagua tena. Baada ya kuchagua mara sita huna tena "mbele". Jua hulioni, nyumba ni ghorofa mbili tatu na kichochoro ni upana wa mikono miwili. Nilikuwa nimepanga kuongozwa na Minara Miwili, lile kanisa la Wakatoliki ambalo ukiwa baharini unaliona kabla ya kitu kingine. Ukiwa ndani ya vichochoro halionekani mpaka uligonge na paji la uso. Nikasema basi nifuate upepo, maana upepo unatoka baharini. Ulikuwa msimu wa kusi, na kusi likishaingia kati ya zile kuta hugeuka kila pembe. Nililifuata likanirudisha nyuma ya uchaga wa kuku ambao tulikuwa tumeupita.

Sasa, mwanamume hawezi kumwambia mama mkwe "tumepotea". Anamwambia, "Mama, tupite huku tuone milango."

Ikawa kila nikikosa njia naeleza mlango. Kwanza nikamwonesha mlango wa Kiarabu, wa zamani, kizingiti cha juu kimenyooka na kuchongwa, na mfaa, ule ubao wa katikati unaofunika pale mbao mbili zinapokutana. Tulipokwama tena nikamwonesha wa Kihindi, juu una tao, na miiba ya shaba kifuani. Nikaeleza kwamba kule Bara Hindi husemwa miiba ile ilikuwa ya kuzuia tembo wasisukume mlango, na hapa Unguja tembo hakuna, ni urembo. Halafu wa Kigujarati, wenye viboksi vidogo vya mraba na mbao zinazokunjana, mlango wa duka huo. Baada ya hapo aina zikaniishia na njia hazikuisha. Nikarudia wa tao.

"Huu ulishanieleza," akasema mama mkwe.

"Hapana mama, ule ulikuwa mwingine, inafanana sana."

"Baba Neema, paka ni yule yule. Amegeuka ubavu tu."

Kweli, juu ya baraza palikuwa na paka wa manjano, sikio moja limekatika, na alitufungulia jicho kama mlinzi anayemwona mtu wa zamu. Nikakaza mwendo. Tukatokea mahali penye kibao ukutani. Mama mkwe husoma kila kitu kwa sauti. Akasoma: "Ka-ji-fi-che-ni." Akanigeukia. "Na sisi ndiko tulikokuwa tunakuja?"

Kajificheni ni mtaa kweli, uko jirani na Hamamni, na kama unaelekea bandarini ukajikuta hapo, jua unakwenda kinyume kabisa.

Jaws Corner, wanapokaa wazee na kahawa, tulipita mara tatu. Mara ya kwanza nilisalimia kwa kujiamini. Mara ya pili nilijifanya natafuta duka. Mara ya tatu mzee mmoja aliyekuwa anatazama bao akasema bila kuinua macho, "Karibu tena, sheikh. Safari hii kaa."

Mama mkwe alikuwa ameshakaa. Kikombe cha kahawa tungu kilikuwa mkononi, kashata mdomoni, na alikuwa anafanya kile nilichokuwa nakikwepa tangu kanisani: kuuliza. Mzee akamweleza kwa utaratibu. Rudini na njia hii mpaka msikitini, hapo kateni kulia, mshike ile njia pana wanayopita wenye mikokoteni. Mkisikia mtu anapiga "hodi hodi!" nyuma yenu, bandikeni migongo ukutani apite, kisha mfuateni, maana mwenye mzigo hana muda wa kupotea, atakuwa anakwenda bandarini au Darajani, na vyote viwili vitawafaa.

Maelezo safi kabisa. Tulipofika msikitini nikafikiri. Kulia si ndiko tulikotoka? Nikakata kushoto.

Mimi nitasema ukweli: nadharia yangu ilitimia. Baada ya dakika chache kichochoro kikapanuka, mwanga ukaongezeka, harufu ya chumvi ikanipiga puani, na mbele yetu, bluu tupu, bahari. Nikainua mikono juu. "Mama! Si nilisema?"

Mama mkwe akaitazama bahari. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Boti ziko wapi?"

Boti hazikuwepo. Tulikuwa tumetokea Shangani, ncha ya magharibi, na bandari iko kaskazini. Rasi ina bahari pande mbili. Jambo ambalo nililisema mwenyewe asubuhi, kwa sauti, mbele ya shahidi. Maji yalikuwa yamejaa mpaka yanapiga ukuta, mashua zinaelea hatua tatu kutoka nchi kavu, kama za kunicheka. Na hapo hapo alasiri ikaadhiniwa, msikiti mmoja, wa pili, ikawa inatoka kila upande. Kwenye saa 10 kasoro dakika kumi. Lango lilikuwa limefungwa dakika ishirini nyuma.

Msichana mmoja aliyekuwa akiuza maembe ya kukatwa na pilipili alimwamkia mama mkwe shikamoo, akamwambia, "Bahari ikae mkono wako wa kushoto, bibi, usiiache. Utapita Forodhani, utapita Mti Mkubwa, utafika." Tukaipita Ngome Kongwe, ambayo Waomani waliijenga baada ya kuwafukuza Wareno, na mimi sikueleza chochote. Bandarini tulifika saa 10 na robo, tukaiona boti yetu kwa nyuma. Tiketi zilibadilishwa kwa nyongeza ya pesa, ziwe za boti ya saa 1 asubuhi. Mama mkwe akaomba simu ya karani, akampigia binti yake, akasema sentensi moja tu: "Mume wako amenionesha milango."

Usiku tulikula Forodhani. Yeye alimaliza bakuli mbili za urojo na kuagiza mishikaki. Mimi nilikunywa juisi ya miwa, suruali ikiwa imekauka na kuwa ngumu kwa chumvi mithili ya gunia. Simu nilikuwa nimeifukia ndani ya mchele kilo moja nilionunua Darajani. Ukitaka kujua, haisaidii. Maji ya chumvi hula ndani. Bora kuizima, kuisuuza kwa maji yasiyo ya chumvi na kuikimbiza kwa fundi.

Asubuhi boti ilipotoka Malindi ikapinda kupita mbele ya mji. Vyote vilikuwa vimejipanga mstari mmoja: Mti Mkubwa, kasri, Beit al-Ajaib na mafundi wake, Ngome Kongwe, na juu ya mapaa, wazi kabisa, Minara Miwili. Mama mkwe alisimama kwenye reli, akanyoosha mkono, akaupima mji mzima kwa shibiri yake kutoka mwisho hadi mwisho. Haukumaliza hata shibiri.

"Baba Neema," akasema, "ndio huu?"