Noti Tatu za Baba Mdogo

Mwanzoni mwa 2025 Benki Kuu ya Tanzania ilitoa miezi mitatu, Januari 6 hadi Aprili 5, watu wabadilishe noti za matoleo ya 1985 hadi 2003 na ile ya 500 ya 2010. Baba mdogo anayeishi Nyakato, hapa Mwanza, akafungua sanduku lake, akakuta noti tatu za 1,000 alizozificha mwanzoni mwa miaka ya tisini. "Mwanangu," aliniambia, "enzi zile huu ulikuwa mshahara wa mtu." Leo hazivuki sahani ya ugali na sato kwa mama ntilie.

Uchungu wake nauelewa, na hesabu inamuunga mkono. Miaka ile mfumuko wa bei ulikuwa ukicheza kati ya asilimia 20 na zaidi ya 30. Bei zikipanda kwa asilimia 30 kila mwaka, buku uliyoificha inanunua baada ya miaka mitano kile ambacho shilingi 270 zilinunua siku ulipoificha. Mwizi hakuingia ndani. Noti iko palepale, imekunjwa vilevile, na robo tatu ya nguvu yake imekwisha.

Lakini anaposema maisha yalikuwa rahisi, hapo namkatalia. Bei anazozikumbuka kwa mapenzi makubwa ni za kabla ya noti hizo, za wakati Tume ya Bei iliyoundwa 1973 ilipopanga nini kiuzwe shilingi ngapi. Baada ya vita ya Kagera fedha za kigeni zilikauka. Sukari ilikuwa rahisi kwenye karatasi, dukani haipo. Sabuni hivyo hivyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyenisimulia walivyofua kwa majani ya mpapai. Aliyetaka sukari kweli aliifuata kwa mlanguzi, na bei ya mlanguzi ndiyo iliyokuwa bei. Kumbukumbu imebakisha bei ya serikali ikaacha foleni.

Kuna jambo jingine ambalo hapa Ziwa Victoria linachanganya watu sana, nami naliona zito kuliko yote. Baba mdogo hulalamika kwamba sangara, aliyekuwa kitoweo cha kila nyumba, sasa hashikiki, naye huuita huo mfumuko wa bei. Si kweli, au si wote. Viwanda vya minofu vilipoanza kujengwa ufukweni mwanzoni mwa miaka ya tisini, mnunuzi wa Ulaya aliingia soko la samaki la Kirumba bila kuonekana, akapandisha dau. Minofu ikapanda ndege, wengi wetu tukabaki na mapanki, vichwa na mifupa iliyobaki. Bondo, yaani mfuko wa hewa wa sangara, ambalo zamani lilitupwa, sasa kilo yake inaizidi minofu kwa mbali kwa sababu ya soko la China. Hata shilingi ingesimama imara kama mwamba wa Bismarck uliosimama hapa ziwani, sangara angepanda tu. Kwa mvuvi hiyo ilikuwa neema, kwa mama anayetafuta kitoweo cha jioni ikawa hasara, na kudhibiti thamani ya shilingi kusingemrudishia samaki wake.

Kwa hiyo mimi nisingeuliza debe la mahindi lilikuwa shilingi ngapi. Ningeuliza lilikuwa la siku ngapi za kazi. Kwa kipimo hicho dereva wa bodaboda hajaachwa sana, maana mafuta yakipanda naye anapandisha nauli. Mstaafu hana wa kumpandishia. Na ingawa miaka ya karibuni mfumuko umekaa karibu na asilimia 3, hata kwa kasi hiyo ndogo fedha isiyoongezwa hupoteza nusu ya nguvu yake kwa miaka 23 hivi. Tena asilimia hiyo ni wastani wa taifa zima; nyumba ambayo pesa yake karibu yote inaishia kwenye unga na mkaa ina mfumuko wake yenyewe.

Baba yangu, kaka yake, wakati ule ule alinunua ndama. Wasukuma tumeweka akiba kwa ng'ombe tangu zamani, na ingawa ukame huua, ng'ombe huzaa na bei yake hupanda na bei za vitu vingine. Baba mdogo aliogopa ukame.

Noti zake alizipeleka benki mwezi Machi. Akapewa mpya tatu za 1,000, shilingi kwa shilingi. Nauli ya daladala kwenda mjini na kurudi Nyakato ikala moja yote na kumega ya pili.