Makaa ya Mchuchuma si kuni tu

Sisi wa Moshi hatuhitaji kuelezwa madhara ya kaboni, maana barafu ya Kibo, kilele cha Kilimanjaro, inapungua tukiiona. Ndiyo maana mradi wa chuma wa Liganga, Ludewa, ukitajwa, vijana wengi huuliza: umeme ukiweza kuyeyusha mawe ya chuma, makaa ya mawe ya Mchuchuma ni ya nini?

Swali ni la haki, ila linachukulia kwamba kazi ya makaa ni joto peke yake. Yeyusha magnetaiti, yaani mawe ya chuma kilichoshikana na oksijeni, kwa umeme upendavyo, utabaki na magnetaiti iliyoyeyuka. Lazima kipatikane kitu cha kuipokonya oksijeni hiyo. Kaboni hugeuka kaboni monoksidi, hupenya mawe, huchukua oksijeni na kutoka ikiwa kaboni dioksidi. Wahunzi wa Upare walitegemea mkaa wa miti kwa kazi zote mbili, joto na kupokonya.

Tupige hesabu. Kupokonya peke yake, kwa magnetaiti safi, hutoa kilo 525 hivi za kaboni dioksidi kwa kila tani ya chuma. Viwanda vya tanuri kubwa la koki, yaani makaa ya mawe yaliyookwa, hutoa tani mbili na zaidi kwa tani ya chuma cha pua. Sehemu kubwa ya tofauti hiyo ni joto na nishati, na hapo wakosoaji wamesema kweli: tubane. Lakini zile kilo 525 haziondolewi na bwawa wala jua mpaka apatikane mpokonyaji mwingine.

Yupo: haidrojeni, ambayo huacha mvuke wa maji tu. Sweden walitoa chuma cha namna hiyo mwaka 2021. Ila tani moja hudai kilo 48 za haidrojeni, yaani uniti 2,400 hivi za umeme kuitenga kutoka kwenye maji. Kwa tani milioni moja kwa mwaka ni megawati 270 zisizozima usiku wala mchana, kabla hata ya kuyeyusha chochote. Bwawa la Nyerere lina megawati 2,115 mitambo yote ikizunguka, na kiangazi maji hupungua. Nani akatiwe umeme?

Gesi asilia nayo inafaa, lakini bomba linatoka Mtwara kwenda Dar es Salaam. Mchuchuma iko Ludewa hukohuko.

Kampuni ya Highveld ya Afrika Kusini ilichakata mawe yenye titani kama ya Liganga kwa makaa ya kupokonya oksijeni na tanuri za umeme za kuyeyushia. Kibali cha Liganga kingeandikwa hivyo: makaa yaruhusiwe kwa kupokonya, joto la kuyeyusha litoke kwenye umeme.